Kitako cha Mninga

Miezi saba nachonga kitako.
Mninga huu ni ubao uliobaki
tulipomtengenezea Mbeleje kitanda cha harusi.
Seremala alitaka kuufanya kigoda.
Nikamwambia, acha,
tazama unavyopinda,
huu umezaliwa bega.

Gobori lilikuwa la mjomba Chisota.
Mtutu ulipona. Mti wake mchwa waliumaliza,
ukiutikisa unamwaga unga
kama gunia la mtama lililosahauliwa darini.
Kibali ninacho, kina mihuri mitatu,
na kila mwaka natoka Kigwe hadi Bahi
kukionyesha kwa askari yule yule.
Hulitazama gobori, hunitazama mimi.
"Mzee Ndahani, mwaka huu umeua nini?"
Debe, afande.
"Debe tu?"
Na kopo moja la rangi.

Mke wangu ananishangaa, wala simlaumu.
Wenzako wana mbuzi, anasema,
wengine wana bao, wewe una tupa.
Kweli, nina tupa.
Nina msasa wa kukwaruza na msasa wa kubembeleza,
na mafuta ya alizeti ninayoyaiba jikoni
tone kwa tone, nayapaka kwa kitambaa cha kanga yake,
mpaka mninga unawaka kwa ndani
wekundu wa udongo ulionyeshewa jana.
Miaka thelathini karakana ya reli
nilikaza nati za serikali.
Hii moja ni yangu.

Jumapili, ibada ikishatoka, nashuka korongoni,
kwenye ukingo mrefu ambao hata mbuzi hawaupandi.
Hatua sitini. Debe juu ya jiwe.
Ninachokipenda si mlio,
mlio ni mali ya majirani.
Ninachokipenda kinakuja kabla:
shavu juu ya mti, pumzi imekatwa katikati,
debe linakua, linakua,
dunia inabaki upana wa ukucha
na deni la saruji linasubiri nje.

Mwezi wa tano wakaja kweleakwelea.
Walikuja kama moshi unaoijua njia,
wakatua kwenye mtama, mashuke yakainama.
Kijiji kizima mlangoni kwangu:
Ndahani, leo ndiyo leo!
Nikasimama na kitako changu kipya begani.
Nikalenga.
Lakini kulenga ni kuchagua,
na wale, nani angemchagua nani?
Nikafyatua wingu.
Wingu likainuka, likajikunja,
likahamia shamba la Sechelela, likakaa.
Akapaza sauti kutoka ng'ambo:
"Ahsante kwa kuniletea wageni!"

Ndipo mjukuu wangu Malogo akapita mbio.
Ameliburuta debe langu toka korongoni,
ametia kokoto, amekamata gongo.
Jamani, lile debe!
Kila tundu lilikuwa na koo lake.
Lilikohoa, lilipiga yowe, lilipasua asubuhi,
kweleakwelea wakaruka hadi huko Mpamantwa
na siku tatu hawakurudi.
Madebe mazima ya watoto wengine
yalisema to, to, basi.

Jioni akaniletea. Tukahesabu matundu,
yeye kwa kidole, mimi kwa moyo.
Kumi na moja.
"Babu, ulipiga mara ngapi?"
Nikamtuma maji.

Sechelela naye kaja na debe lake jipya, la mafuta ya kula,
kaliweka uani bila salamu.
"Nitoboleeni na mimi," kasema, "na msikosekose,
mtama wangu haungoji."

Leo nimeona ufa karibu na pale shavu linapolala,
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Nimeusogeza dirishani, nimeugeuza.
Mke wangu kaniona ninavyotabasamu.
Kaenda kuhamisha chupa ya mafuta.