Ni wa Ukoo Gani

Mashine ilifika Chavakali ndani ya gunia la omena,
kona moja imeliwa na panya,
saa yake ya ndani imekwama mwaka ambao Mmbone
alikuwa bado anahesabu kwa vifuniko vya soda.
Leo ndiye anayeifungua kwa bisibisi,
anapuliza vumbi kama mtu aliyepewa kuni mbichi.

Kule Kondele walimcheka: iuze kwa kilo, upate nauli.
Mifumo ya siku hizi haitaki hata kuitazama;
inadai nafasi kama ghala la serikali,
inadai mtandao, inadai jina lako na namba ya simu
ndipo ikukaribishe
katika nyumba uliyoinunua mwenyewe.

Akachomeka kidude kisichozidi ukucha.
Kioo cheusi. Maandishi meupe yakashuka,
mgeni akibisha hodi chumba kwa chumba:
diski ipo, feni ipo,
kibodi ipo, ingawa herufi K inalegea.
Hakuuliza umri.

"Ni wa ukoo gani huo?"
Agesa huyo, mweka hazina wa wakulima wa chai.
"Wa BSD."
"Hao ni wa upande wa Tiriki?"
"Wa kila upande, baba. Hata juu ya jiwe unaota."

Hauna picha. Una vyombo vidogo vidogo,
cha kuchuja, cha kukata, cha kupanga,
na bomba la kupokezana kazi
kama ndoo za maji nyumba inapoungua.
Amri alizoziandika Kisumu, kwenye mashine ya kabila jingine kabisa,
hakuzibadili hata nukta.
Akavilisha vyombo risiti za mzani za miezi tisa,
kisha daftari la Agesa.
Stima ikapotea mara mbili;
mara mbili akaanza upya, bila kulaani.

Saa kumi na moja jibu likatoka, mstari mmoja:
Truphosa Kageha, Aprili, kilo kumi na nne, hazimo.

Agesa akakohoa. Akauliza habari ya bei.

"Ni bure. Chukua, badili, uza ukitaka.
Sharti ni moja, limeandikwa pale juu:
usifute majina ya waliofanya kazi."

Akalifunga daftari taratibu.
Raba ilikuwa bado mezani,
na chenga zake za waridi
zimeshika mkono wa koti lake.