Karanga Thelathini

Banda la video la mjomba Mahewa, Mpwapwa,
nyuma ya mashine ya kusaga, kuta za mabati,
kiingilio shilingi hamsini, ishirini ukikaa chini.
Mimi ndiye niliyeweka kanda,
nikipuliza vumbi la Agosti kwenye mdomo wa deki.

Kila Jumamosi vita. Vita ileile,
kanda imechakaa mpaka mvua ya msituni
ikawa inanyesha hata ndani ya nyumba.
Stelingi ana shingo ya fahali,
anafyatulia kiunoni bila kulenga
na maadui wanalala kama mabua.

Koplo mstaafu Lesilwa alikaa benchi la nyuma,
sikio la kushoto kwenye spika.
La kulia alisema aliliacha Kagera,
kwa sauti ya mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi.

Karanga mbichi, mfuko wa kulia.
Kila risasi ya stelingi, karanga moja
inahamia mfuko wa kushoto.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Thelathini. Halafu, kwa sauti ya gwaride:
"Magazini imekwisha! Badilisha!"
Stelingi habadilishi.
Anamwaga moto, arobaini, sitini,
na Koplo anaguna
kama mwenye duka aliyepunjwa.

"Na hiyo aliyoshika adui,
vita hii inapiganwa ilikuwa haijaundwa bado.
Tazama kitako, cha kukunja!
Ni sawa na kuniambia bibi yangu
alisaga uwele kwa mashine ya dizeli."
"Mzee, tuache tuone!" vijana walifoka.
Mjomba akataka kumfukuza.
Lakini wiki aliyougua malaria
nusu ya wateja waliondoka kabla daraja halijalipuliwa.
Tangu hapo akaingia bure.

Mara moja tu nilimsikia akicheka.
Askari wa pembeni kapigwa,
bunduki yake ikaanguka juu ya jiwe, ikadunda.
"Ya mti hiyo! Ya mti!"
Banda zima likacheka naye.
"Ya kweli haidundi," akasema.
"Ya kweli ikianguka unaiokota kwanza,
ndipo unamwangalia mwenzako."
Kicheko chake kilikuwa kimekwisha,
chetu kikaendelea kidogo.

Kisha ule usiku.
Kijana ndani ya handaki, bunduki imekwama,
miguu ya adui inakaribia kwenye matope.
Tulishaiona mara kumi, tulijua stelingi anakuja.
Nikageuka kumtazama Koplo
nikauona mkono wake, mwanga wa bluu juu yake,
unavuta, unaachia, unapiga kofi hewa,
unavuta, unaachia,
hauna kitu, na unajua kila kitu kilipo.
Karanga zikamwagika.
Jenereta likakohoa, likazima,
na gizani bado nilisikia
kitambaa cha shati kikisuguana: vuta, achia.

Asubuhi nilifagia maganda.
Juu ya benchi la nyuma kulikuwa na karanga moja,
nzima, imewekwa, haikudondoka.
Nikamkuta njia ya mnadani, anaswaga mbuzi wawili.
"Koplo, umesahau karanga yako."
Aligeuza sikio la kushoto, nikarudia.
"Sikusahau. Magazini yangu ilibaki moja."
Moja ya nini, ya nani, sikuuliza.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili
na ile karanga nilishaila.

Sasa naishi Nkuhungu, televisheni bapa ukutani.
Sinema ile wameisafisha, mvua inanyesha
msituni peke yake,
unaweza kusoma namba kwenye chuma cha bunduki.
Sechelela anauliza mbona midomo yangu inacheza.
Nafika thelathini, nasimama.
Nampa stelingi nafasi.
Habadilishi.