Sugu

Dundee, saa kumi alfajiri. Theluji imegoma,
ni mvua tu, ya ubavu-ubavu.
Chupa ya damu imeshuka kutoka wodi ya sita:
Bi Morag Geddes, nyonga mpya, homa ya siku tatu.

Mwaka jana ningesema: subirini keshokutwa.
Ningewapanda kwenye sahani, niwawekee vidonge juu,
ningojee duara tupu, pale dawa ilipofyeka.
Keshokutwa!
Damu haijui keshokutwa.

Sasa tuna ulimi wa silikoni,
mwembamba kuliko unywele uliopasuliwa.
Tunawanatisha hapo, tunasikiliza.
Kilicho hai hutetema, hata kikijifanya kimelala.
Namimina dawa ya kwanza: mstari kwenye skrini unatapatapa.
Ya pili: vilevile, kana kwamba nimewanywesha maji.

Lugha yangu huwaita sugu,
neno lilelile la kiganja cha mama kilichozoea mchi,
la paji la babu lililozoea mkeka.
Ngozi iliyoumizwa hadi ikajifunza.
Na hawa walijifunza kwetu,
kwa kila dozi tuliyoikatiza tulipojiona tumepona.

Ya tatu ni ya kale, chungu kwa figo,
ilikuwa imesahaulika kabatini.
Mstari unayumba. Dakika ishirini na sita
na umelala, uzi uliodondoka sakafuni.

Callum anapokea simu, sauti yake nzito kwa usingizi.
"Ya tatu," namwambia. "Sasa hivi. Na maji mengi, kwa ajili ya figo."
Kisha nanawa mikono.
Nanawa tena.