Saa Mbili

Unaniuliza, Shigenobu, wananilipa kiasi gani
nipande mapaa ya watu na koleo, umri huu.
Figili mbili, ndugu yangu. Zimekaushwa moshini,
zikafungwa kwenye gazeti la juzi.

Ngoja nikueleze nilivyoanza, maana sikuanza vizuri.
Majira yale ya baridi, baada ya mazishi ya Fumie,
nilikaa siku nne bila kutamka neno.
Ya tano nikaliambia birika, "Haya basi,"
nikashtushwa na sauti yangu
kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Tangazo lilikuwa ukutani, ofisi ya kata, Yokote:
wanatafutwa watu wa kuwaondolea wazee theluji.
Nikacheka. Mimi ni nani kama si mzee?
Nikaupita mlango ule mara tatu.
Ya nne, upepo ukanisukuma ndani.

Binti wa mezani akauliza, "Una ujuzi gani?"
"Miaka thelathini na sita nimegonga mihuri posta."
"Na nafasi je? Saa ngapi kwa wiki?"
"Zote."
Akaweka kalamu chini, akanitazama.
"Anza na mbili. Zote zitakuchosha, utatukimbia."

Saa mbili, basi. Jumamosi, kuanzia saa mbili.

Usiku ule kiuno kiliniuma hadi nikakitukana,
lakini nililala. Sikia: nililala,
mimi niliyekuwa nikihesabu magari ya kukwangua barabara
mpaka alfajiri.
Siku hizi najua majina kumi na moja mtaani,
na la mbwa mmoja. Daktari alipopima presha yangu
alidhani mashine imeharibika.

Wasije wakakudanganya kwamba huu ni wema.
Wema wangu ni haba, unanijua,
tangu utotoni nilikuwa nakuficha keki za mchele.

Juzi nilikwenda kwa Bi Ogasawara, miaka tisini na moja,
basi likakwama njiani. Nikamkuta dirishani,
amefuta ukungu wa kioo kwa kiganja,
tundu la kutosha jicho moja.
Hakusema karibu, wala pole.
"Umechelewa dakika kumi."

Dakika kumi, Shigenobu!
Kuna mtu alikuwa ananihesabia.
Nikapanda ngazi upesi, nikaikata theluji mapande,
nikayatupa chini, puu, puu,
asiuone uso wangu.

Kwenu Osaka theluji hakuna, najua.
Lakini ofisi ya kata ipo, na ukuta, na tangazo lolote.
Mlango ukikushinda mara tatu
bado iko ya nne.