Mpiko

Kila Juni, theluji ikishaachia njia ya malisho,
jiko la chuma lilipanda mlima kwa mabega mawili:
baba yangu Anzori mbele, juu,
amu Jumberi nyuma, chini,
na baina yao mpiko wa mwaloni,
jiko likining'inia kwa mnyororo,
zito, kaidi, kama ng'ombe asiyetaka kuhama.

Na kila Juni, wakishalitua, amu alidai kikombe cha pili
cha pombe ya shayiri.
"Aliye chini ndiye abebaye," alisema,
akijipangusa shingo. "Wa juu anatembea tu."
Baba hakubishana.
Alimimina.

Kutaisi, darasa la ghorofa ya tatu, madirisha hayafungi vizuri.
Mwalimu Lamara alichora mstari mmoja ubaoni:
boriti. Pembetatu upande huu, duara upande ule,
mshale mmoja ukishuka.
"Kilichotulia," alisema, "hakina deni.
Hamzijui kani mbili? Basi simameni juu ya mojawapo.
Ukiikanyaga palepale ilipo, haina mkono wa kukugeuza.
Itanyamaza, na mwenzake atasema."

Pembeni mwa daftari nikaandika, ili nisisahau:

Zipandazo zishukazo, jumlaye ni sifuri,
Na zile zigeuzazo, nazo pia ni sifuri,
Zikivunjwa nguzo hizo, kitu chaenda safari.

Mwaka huu baba amelazwa. Uti wa mgongo.
Daktari aliishika picha kwenye mwanga, akauliza
mzee alikuwa akifanya kazi gani,
mbona bega la kulia limeshuka hivi.

Nilirudi Svaneti na basi la usiku,
nikaingia zizini kuutafuta mpiko.
Niliupima kwa utepe wa mama wa kushonea: mita tatu.
Pengo la mnyororo nililijua toka utotoni,
nilikuwa nikiingiza kidole humo.
Sikuwahi kuona kwamba haliko katikati.

Liko mita moja kutoka ncha iliyong'aa zaidi,
ncha ya baba.

Nikakaa juu ya ndoo. Jiko, kilo tisini.
Mpiko wenyewe, kumi na mbili, uzito wake katikati.
Nikasimama begani kwa amu, ili amu anyamaze:
tisini mara mbili, mia na themanini;
kumi na mbili mara moja na nusu, kumi na nane;
jumlisha, gawanya kwa tatu.
Sitini na sita. Baba.
Kilichobaki mpaka mia na mbili,
thelathini na sita. Amu.

Nikauinamisha mchoro, nikauweka mlimani,
nikimtafutia amu mteremko utakaompa haki.
Sikuupata. Mlima hufupisha mikono yote kwa kadiri moja,
na ukigawanya, mlima wenyewe unatoweka.

Nani alilichonga pengo, na lini, hesabu haisemi.
Kingo zake ni nyeusi kwa uzee.
Amu alirudi kutoka machimbo ya makaa ya mawe ya Tkibuli
mwaka nisiokuwa nimezaliwa,
na mpaka leo hupanda ngazi kwa kusimamasimama.

Ningeweza kuchonga jingine katikati.
Kisu nilikuwa nacho mfukoni.

Tuliondoka alfajiri, mimi mbele.
Hatua mia, pumzika. Hatua mia, pumzika.
Mfupa wa bega ulianza kuwaka kabla ya kijito cha kwanza,
na kabla ya cha pili niliacha kuhesabu hatua
nikawa nahesabu kilo.
Nyuma yangu amu alipumua kama mlango mbovu.

Tulipolitua, alijipangusa shingo.
"Aliye chini," alisema, "ndiye abebaye."
"Ndiyo, amu," nikasema. Nikamimina kikombe cha pili.

Alikunywa kama theluthi hivi.
Kilichobaki akakisogeza upande wangu wa meza,
akainuka kwenda kutafuta kuni.