Nimekuja na Kikombe Changu

Julai, Tandala. Sakitu imelala juu ya viazi
kama unga uliomwagika usiku na hakuna aliyeufagia.
Ndoo ya nje imevaa kioo. Nakivunja kwa kisigino,
naosha mikono, mabega yamenipanda hadi masikioni.

Sabuni haina huruma asubuhi kama hii.
Nesi Atuganile alisema: sugua mpaka wimbo uishe.
Mimi sijui kuimba. Ninahesabu mbao:
mlango wa Chaula, sita; kabati la mchungaji, tisa;
jeneza la Ngailo...
hapo naacha kuhesabu,
lakini mikono imeshatakata.

Ngailo hakufa kwa mafua, niseme ukweli.
Lilimuua jiko la mkaa, mlango umekomewa,
dirisha limezibwa kwa gunia,
joto tamu likambembeleza asiamke.
Tangu hapo jiko langu linalala nje kama mbwa,
na dirisha naliacha wazi upana wa kidole gumba.
Mke wangu ananung'unika, anavuta blanketi lote kwake.
Mimi navaa sweta, na koti juu ya sweta,
na soksi ambazo hazijawahi kuwa pacha.

Wanasema mwanaume wa huku hapati mafua,
ni moshi tu umempitia puani.
Nami nilisema hivyo mwaka juzi,
nikapiga chafya juu ya sinia la watu wanane.
Nyumba ikakohoa kwa zamu wiki mbili.
Seremala hana randa ya kulainisha kifua.

Kwa hiyo Jumamosi, kilabuni kwa mama Tweve,
komoni ilipozunguka kwa kata moja, mdomo hadi mdomo,
nikachomoa mfukoni kikombe changu cha bati,
cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni.
Kicheko kilitikisa paa.
"Umekuwa mzungu?" "Unaogopa mate yetu?"
Nikasema: mate yenu nayapenda yakibaki kwenu.
Chaula alicheka mpaka akakohoa,
akakohoa kiganjani,
halafu akaninyooshea kiganja kilekile tuagane.
Nikampa kiwiko.

Sikatai, nilijiona mwerevu.
Uji wa ulezi asubuhi, parachichi mchana,
usingizi kuku wakinitangulia kidogo tu.
Na bado Jumanne pua ikafunguka
kama bomba la kijiji siku fundi kasahau spana.
Ndivyo ilivyo. Hata paa zuri huvuja.

Jumatano ikaja simu: Lusungu amejifungua,
mtoto wa kike, kilo tatu kasoro.
Mke wangu mbele, kuku mkononi, kanga tayari;
mimi nyuma, nimejitwika kitanda kidogo
nilichokiranda tangu Machi,
kona zote nne nimezizungusha zisimkwaruze.

Mlangoni nikakitua.
Binti yangu akanyanyua kifurushi, akakielekeza kwangu.
Nikarudi hatua moja, mdomo ndani ya kiwiko.
"Baba, huingii?"

Nikazunguka nyumba, nikasimama nje ya dirisha.
Pumzi yangu ikapanda kwenye kioo,
nikaifuta kwa mkono wa koti,
ikapanda tena,
nikaifuta tena.
Ndani, uso mdogo, mwekundu
kama kiazi kilichong'olewa sasa hivi,
ukapiga mwayo bila kuniuliza habari za safari.

Nitambeba wiki ijayo, au inayofuata.
Mikono hii imezoea: mti unaukata leo,
unauacha kivulini mwaka mzima ukauke,
ndipo uuguse kwa randa.

Nilirudi peke yangu kwa njia ya misonobari.
Nikachemsha maji, nikaponda tangawizi,
nikanywa kikombe kizima nimesimama.
Kisha nikakiosha, nikakifunika juu chini
kwenye kichanja, mbali kidogo na vingine.