Ndoo ya Kwanza

Ndoo niliinunua kwa mjane wa mtaa wa juu, hapa Hawick,
pauni nne, na mpira wa kufyonzea akanipa bure.
"Marehemu aliitumia mara moja tu," alisema,
akafunga mlango kabla sijauliza kwa nini.

Maelekezo yalikuwa na kurasa sita.
Tano na nusu zilihusu kuosha.
Osha ndoo, osha kijiko, osha mikono, osha ulichokwisha kuosha.
Nikasugua mpaka kucha zikanuka hospitali,
nikimkumbuka shangazi Ndewina wa Kibosho,
ambaye mwiko wake haukuoshwa tangu alipoolewa
na pombe haikuwahi kumgomea.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi hakuna aliyenisifu.
Maji niliyatia hivyo hivyo, lita ishirini na tatu,
kama kopo la kimea lilivyoagiza.

Hamira naijua. Kila usiku naikandia mikate mia nne.
Lakini ile ya mkate hufa alfajiri, tanurini,
haipati muda wa kusema neno.
Hii niliiweka kabatini, ubavuni mwa tangi la maji moto,
nikaifunika koti langu la zamani,
na siku ya pili ikaanza:
blu.
Kimya.
Blu.
Nikirudi kazini, hata viatu sijavua,
napiga magoti mbele ya kabati na kuhesabu.
Anasia, mke wangu, akauliza kama nimeanza tena kusali.

Shangazi alicheka simuni mpaka akakohoa.
"Mwanamume kupika pombe! Na inakaa siku ngapi?"
Wiki mbili ndooni, nikamwambia, mbili tena chupani.
"Mwezi? Hiyo si pombe, baba, hiyo ni mimba.
Na hizo chupa, unaziziba?"
Naziba.
Akanyamaza kidogo.
"Pombe haipendi kufungiwa," akasema, na salio likaisha.

Sukari ilitakiwa kijiko kimoja kwa kila chupa.
Kijiko kipi, hawakusema.

Ya kwanza ilipasuka saa tisa, usiku wangu wa mapumziko.
Ya pili ikaiitikia.
Ya tatu na ya nne hazikungoja zamu.
Anasia akalala kifudifudi sakafuni, mto kichwani.
Bwana Telfer wa chini akapanda ngazi na tochi na fimbo yake,
pajama imelowa bega moja,
maana dari lake lilikuwa linadondosha.
Akanusa.
Akanusa tena.
"Zimebaki ngapi?"

Zilibaki sita.
Tukazifungulia ndani ya beseni, tumezivika taulo,
dirisha wazi, baridi ya Februari inaingia bila hodi.
Mbele ilikuwa chungu. Nyuma ilikuwa na ladha ya sarafu.
Katikati, mahali padogo tu, palikuwa na kitu.
Telfer alikikuta pia; nilimwona akisimamisha bilauri.
"Hapo," alisema.
Hakusema zaidi, akanyoosha bilauri nimwongezee.

Kulipokucha niliokota vioo, vingine ndani ya soksi.
Kuta nilizipangusa mara mbili na bado zilinata.
Mashapo ya zile chupa sita, mazito, rangi ya uji wa ulezi,
niliyakusanya kwenye kichupa cha jamu,
nikakificha kwenye friji nyuma ya siagi,
na juu ya kifuniko, kwa kalamu ya Anasia ya bili,
nikaandika:
USIOSHE.